Kofia ya Sifule

Mama Rachelle, jirani yetu, anasema hivi. Ilikuwa alhamisi, jua limesimama utosini, naye alitoka kwake na koleo mkononi kuja kwetu kuomba makaa ya moto. Alipiga hodi, hakuna aliyeitika. Akachungulia dirishani, tena si kwa ubaya, anasema, dirisha lilikuwa wazi lenyewe. Ndani, juu ya meza, alimwona mtu mdogo mwekundu, urefu kama mkono mpaka kiwiko, amesimama. Yule mtu akamgeukia. Kichwa chake kikafunguka juu kama chungu kinachofunuliwa, na ndani hamkuwa na ubongo, mlikuwa na giza, na gizani kitu kikang'aa kama jicho la paka. Halafu mtu mdogo akapuliza filimbi. Mama Rachelle akatupa koleo, akakimbia mpaka kwake, na alipofika akamkuta jogoo wake amelala miguu juu.

Ndivyo alivyosema siku ya kwanza. Jumamosi, kwenye foleni ya maji, yule mtu mdogo alikuwa amekwisha kuruka dirisha. Jumapili asubuhi, mlangoni pa kanisa, alikuwa amevuka avenue, barabara yetu, kwa miguu yake mwenyewe na kumwita jogoo kwa jina.

Mimi siku ile nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na shimo la takataka, nakung'uta kitambaa cha kupakia mafuta, ndiyo maana sikusikia hodi. Sanamu yangu ya Sifule niliiweka mezani, karibu na dirisha, ipate hewa. Kofia nilikuwa nimeivua, kwa sababu ukipaka mawese kofia ikiwa juu, inanata. Kilichong'aa ndani ya kichwa ni mawese. Filimbi ilitoka gare, stesheni ya treni; walikuwa wanapanga mabehewa ya mizigo, na kambi yetu ya wacheminot, wafanyakazi wa reli, iko karibu na reli hata mtoto anayenyonya haamki kwa filimbi. Na jogoo, Mungu Vidye amrehemu, alikufa kama kuku wote wa avenue yetu walivyokufa mwezi ule, shingo imepinda na mavi ya kijani. Wa kwetu walikufa kwanza. Hakuna aliyeuliza wa kwetu waliuawa na nani.

Hayo ningeweza kuyasema kwa pumzi moja, kama ningeulizwa.

Sasa, kwa asiyemjua, Sifule ni mtu wa gazeti la picha. Zamani, nilipokuwa mdogo, baba yangu alikuwa anafunga breki za mabehewa kwenye njia ya Lubumbashi, na kila aliporudi alitoa mfukoni karatasi zenye harufu ya grisi. Humo alikuwamo Sifule, chefu, mkuu wa treni, mwembamba kama mpini wa jembe, kofia yake kubwa mpaka masikio. Akipuliza filimbi kila kitu kinasimama: treni, mbuzi, mwizi, hata mkono wa mwizi ukiwa ndani ya mfuko wa mtu. Alikuwamo Mama Kalanga, muuza karanga wa stesheni, anayepiga wabaya kwa beseni. Alikuwamo Bwana Misumari, anayeng'oa misumari ya reli kwenda kuiuza, na ambaye tumbo lake linalia chuma akikimbia. Shuleni nilifika darasa la sita tu. Kusoma sawasawa nilijifunza kwa hao, maneno yao yakiwa yamefungwa katika mawingu madogo juu ya vichwa.

Halafu gazeti likaacha kuchapishwa. Karatasi zetu zililiwa na mchwa, na Sifule akabaki kichwani mwangu tu, mpaka siku niliyompata kwa Zacharie.

Zacharie Mwepu ni seremala. Alikuwa na hangar yake, banda la mabati, ikiegemea ukuta wa kanisa letu, kwa ruhusa ya kanisa, na humo alitengeneza milango, viti, majeneza, mitwangio. Mimi nauza beignets, maandazi, pale gare, na njia yangu inapita hapo. Asubuhi moja niliona juu ya ubao, katikati ya miguu ya viti, Sifule amesimama. Si picha. Mtu kamili, wa mti mwekundu wa mulombwa, filimbi mdomoni, shavu moja limevimba kuliko lingine, kama gazetini. Nilisimama pale na beseni langu kichwani mpaka beignets zikapoa.

“Yaya, huyu ni Sifule,” nikasema, maana kaka mkubwa kwetu ni yaya.

Zacharie akaacha kazi. “Weye unamujua?”

“Minyi nilijifunza kusoma kwake.”

“Aksanti Mungu. Bantu bote banapita hapa banasema ni polisi. Mumoja aliniuliza kama ni Monseigneur, askofu.”

“Na hiyo filimbi?”

“Alisema ni sigara ya Monseigneur.”

Tulicheka mpaka mtu mmoja aliyekuja kupima jeneza akatukoholea.

Nilimzunguka Sifule. Hapo ndipo nilianza kuelewa kazi ya mchongaji. Gazetini hakuna aliyewahi kuuona mgongo wa Sifule. Mchoraji anachora upande mmoja, na nyuma ya Sifule kuna karatasi nyeupe. Lakini mti una nyuma. Mchongaji hawezi kusema sijui. Zacharie alikuwa amemchongea shati lililochakaa katikati ya mabega, mikunjo miwili imechanika, mahali ambapo shati huchakaa kwa mtu anayelala ameegemea ukuta wa behewa miaka na miaka.

“Mwenye kuchora iko na bahati,” Zacharie aliniambia. “Yeye anafanya mbele. Nyuma, minyi njo najitafutia.”

Nilipomleta Sifule nyumbani, baba alicheka alipoona uso. Akamgeuza. Kisha akapeleka mkono nyuma, akajigusa katikati ya mabega.

Tangu hapo nikawa nawakusanya. Nilimlipa Zacharie kwa beignets, asubuhi baada ya asubuhi, na yeye hakunikimbiza. Nikapata Mama Kalanga, nikapata Bwana Misumari, nikapata mbuzi aliyesimamishwa na filimbi mguu mmoja hewani. Halafu nikasikia kwamba huko Mulongo, kando ya maji, yuko mama mfinyanzi, Marie-Thérèse, aliyewapata wale watu katika karatasi iliyofungia chumvi akawapenda, akaanza kuwafinyanga kwa udongo. Niliagiza kwa wauza samaki. Mama Kalanga wake alifika amefungwa ndani ya majani, ananuka samaki wa kukausha, sikio moja limekatika njiani.

Ukiwaweka hao Mama Kalanga wawili pamoja, unajua bila kuambiwa mkono upi ni wa nani. Wa Zacharie hajapiga bado: visigino viko juu, beseni liko juu, na mahali kisu kilipopita mkononi pameachwa hivyo hivyo bila kusuguliwa, ngozi ikawa na nguvu. Wa Marie-Thérèse amekwisha kupiga. Amechoka, mkono kiunoni, midomo imebanwa, anatafuta karanga zake zilizomwagika. Mama mmoja, nusu dakika mbali, na katikati yao wewe unasikia pigo lenyewe. Nilikuwa nawaweka mezani wakitazamana. Mtu akiniambia sanamu ni sanamu tu, namwacha aende zake.

Kuhusu tundu. Mulombwa ukiuchonga mbichi kisha ukakauka, unapasuka. Nje inakauka upesi, moyo wa mti bado una maji, ngozi inavutika mpaka inachanika usoni. Kwa hiyo Zacharie anatoboa kuanzia juu, anatoa moyo wote, mti unakauka ndani na nje pamoja. Tundu analifunika: kwa Sifule ni kofia, kwa Mama Kalanga ni kilemba, kwa Bwana Misumari ni nywele. Vinafunguka na kufungwa, ili umpake mafuta hata ndani. Kazi safi, huoni hata mstari.

Lakini hapa ni Kamina. Mababu zetu Waluba walikuwa wachongaji kabla sisi hatujazaliwa, na nkishi, sanamu ya uganga ya zamani, ilitobolewa kichwani au tumboni, mganga akatia bwanga, dawa yake, ndani, akaziba. Kila mtu aliyelelewa na bibi yake anajua hilo, na anayesema halijui ndiye anayelijua zaidi. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiona sanamu yenye tundu na kifuniko, haulizi tundu ni la nini. Anauliza mlikuwa na nini ndani.

Walikuja jumapili ile ile baada ya ibada, wakiimba. Mbele Papa Zébédée, mkubwa wa waombezi, nyuma yake mama za kanisa, na katikati Mama Rachelle, amefunga kilemba cheupe kama bibi harusi. Baba aliwaletea viti. Yeye ni shemasi, Papa Kalala, jumapili ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka. Viti vilikuwa vya Zacharie, sikumwona mtu aliyeogopa kukaa.

“Papa Kalala,” Papa Zébédée akaanza, “tulisikia iko kintu mu nyumba yako.”

“Ni michezo ya mutoto,” baba akasema.

“Mutoto gani? Huyu iko na maziwa kifuani!” akadakia Mama Rachelle.

Mama wote wakacheka. Nikawaacha wamalize.

“Mama Rachelle,” nikasema, “weye ulikuya kufanya nini ku dirisha yetu?”

“Kulomba makala!”

“Makala iko ku jikoni. Jikoni iko inje, uliipita.”

“Shi unaona vile ananijibu!” Mama Rachelle akawageukia wenzake. “Ile kintu ilinigeukia, mwenzangu anasema jikoni. Ilifungua kichwa! Minyi niliona na macho yangu mbili!”

“Kofia. Nilivua kofia, napaka mafuta.”

“Mafuta!” Sauti yake ikapanda. “Muliisikia? Anaipaka mafuta! Anaikulisha!”

Nikaona jinsi mambo yalivyokuwa. Kila neno nililotoa walilichukua na kulivalisha nguo nyingine. Nikawaambia basi, aitwe aliyechonga, aeleze mwenyewe. Nilifikiri ndiyo akili. Zacharie alifika na baiskeli, ameleta kipande cha kazi ambacho hakijaisha, na kisu chake. Hakujua kubishana. Alichuchumaa pale uani, akaonyesha: hivi njo mti, huu njo moyo wake, moyo unatoka hivi, bila hivyo uso unapasuka. Alieleza polepole, vizuri, kama mtu anayefikiri wanaomsikiliza wamekuja kujifunza.

“Kwa hiyo weye mwenyewe njo unatoboa kichwa,” akasema Papa Zébédée.

“Ndiyo, papa.”

“Na unatoa moyo.”

“Ndiyo. Moyo ya mti.”

“Na mahali ya moyo unatia nini?”

“Hakuna kitu. Hewa.”

“Hewa gani inafungiwa na kifuniko? Hewa iko inje ya bure, kila muntu anavuta!”

“Amekubali!” Mama Rachelle akapiga makofi. “Amekubali mbele yetu bote!”

Zacharie alinitazama. Alikuwa bado amechuchumaa, kisu mkononi, na nikaona anatafuta kosa lake liko wapi katika yale aliyoyasema. Halikuwepo. Alisema kweli tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila kweli aliyoitoa ikawa kuni.

Papa Zébédée akamwambia baba kwamba shemasi hawezi kugusa sadaka ya Mungu na mkono unaotoka nyumba yenye bankishi, na kwamba zitolewe zikachomwe. Aliisema kwa upole, mkono begani mwa baba. Baba alitazama ardhi.

“Chancelvie, mutoto yangu, toa. Ni mbao tu.”

“Baba, kama ni mbao tu, juu ya nini babichome? Na kama ni pepo, juu ya nini weye unasema ni mbao?”

“Toa,” akasema tena, na hakuniangalia.

Sikutoa. Wakaingia wenyewe. Mama za kanisa, ambao nyumbani mwetu walikuwa hawaingii bila kuvua viatu, waliingia na viatu. Waliwafunga katika kitambaa changu cha meza, wa mti na wa udongo pamoja, na nilisikia udongo ukivunjika kabla hawajafika mlangoni.

Waliwachomea nyuma ya kanisa, ndani ya shimo. Nilikwenda. Watu walidhani nimekwenda kutubu. Nilikwenda kwa sababu hakuna mwingine ambaye angewatazama kama inavyopasa. Mama Kalanga wa Marie-Thérèse walimponda kwa jiwe, na Mama Rachelle ndiye aliyeomba jiwe. Wa mti wakasimamishwa juu ya makaa, wima, bila kofia, bila vilemba, vichwa wazi, ili “kile kilicho ndani kipate njia.”

Mtu yeyote anayepika anajua moshi unatoka wapi. Ukiweka kitu chenye uwazi ndani juu ya moto, na juu kina tundu, moshi utapita ndani na kutoka juu. Bomba la jiko linafanya hivyo. Chungu kinafanya hivyo. Lakini moshi ulipotoka kichwani mwa Bwana Misumari, mweusi, wa mawese, umenyooka, watu wakarudi nyuma wakikanyagana.

“Inatoka! Iko inatoka!”

Na Sifule, ambaye Zacharie alimtoboa mdomo mpaka ndani ili filimbi iwe filimbi kweli, akaanza kulia. Maji ya mwisho ya mti yalikuwa yanatafuta njia, yakaipata. Sauti nyembamba, ndefu, inayotetemeka. Mama mmoja alianguka chini. Papa Zébédée alinyosha mkono akapaza sauti kuamuru pepo atoke. Mama Rachelle aliruka ruka, machozi yanamtoka, macho yake yananitafuta katikati ya watu.

“Munasikia? Nilisema! Njo ile! Njo filimbi ile ile!”

Sifule alilia kwa muda, kisha shavu lake lile kubwa likaingia ndani, akanyamaza. Wakaimba wimbo wa ushindi. Mimi nilitazama mgongo wake mpaka mikunjo ya shati ikatoweka, maana upande ule hakuna aliyekuwa anautazama.

Baada ya hapo nilifikiri yamekwisha. Kumbe walikuwa wamekwisha kuchoma vilivyo vyangu, na bado mwenye mikono iliyovichonga alikuwa mzima.

Hangar ilifungwa kwa mnyororo jumatatu. Ardhi ni ya kanisa, walisema, na kanisa haliwezi kuegemewa na mtu wa namna hiyo. Kisha wateja wakaanza kurudisha. Mwalimu mmoja alirudisha kitanda cha mtoto ambaye hajazaliwa bado. Mama mmoja alileta mtwangio, akautupa mlangoni kwa Zacharie, akisema kila akitwanga anasikia sauti ya uwazi. Nilimwuliza, mama, mtwangio ukigonga kinu, unataka usikie sauti ya nini? Akaniambia nisimsogelee. Familia moja ilikuja kurudisha mlango, imeubeba kichwani, na nyumba yao imebaki wazi kwa mbwa.

Viti vya kanisa hawakuvirudisha. Mimbari, ambayo Zacharie aliichonga mizabibu kuizunguka, hawakuirudisha.

Na mimi, pale gare, motards, vijana wa pikipiki, waliniimbia. “Chancelvie! Beignet yako iko na hewa ndani? Fungua tuone!” Mwingine akachukua moja, akaiweka sikioni, akafumba macho. “Nyamazeni, inapiga filimbi.” Wakaanguka juu ya pikipiki zao kwa kicheko. Walinunua hata hivyo, maana njaa haina waombezi. Lakini kwa Zacharie hawakununua. Ukila beignet imekwisha, hakuna atakayeiona nyumbani kwako.

Nilimkuta ijumaa nyumbani kwake anafunga tezo na patasi katika gunia. Alikuwa amepata nafasi katika lori, camion ya jumatatu, ya kwenda Kabondo-Dianda kwa wajomba zake.

“Kule utachonga nini, yaya?”

“Mipini ya majembe.”

“Mipini tu?”

“Mupini hauna kichwa,” akasema. “Hakuna mwenye atauliza iko na nini ndani.”

Hasira ilinipanda hata kwake. “Juu ya nini haukusema? Ulichuchumaa pale kama mutoto ya masomo!”

“Nilisema yote. Weye mwenyewe ulisikia.” Akavuta kamba ya gunia. “Balikuwa banataka niseme nini kingine? Kwamba sijue kazi? Ningesema sijue kazi, niliokota ile mbao mu njia, bangeniacha. Nilifikiri juu ya ile. Ikanishinda kutoka mu kinywa.”

Nikageukia ukuta. Niliona ubao wake wa kazi umesimamishwa ukutani, umepanguswa, na juu yake hakuna hata kijiti. Sifule atabaki wapi sasa? Gazeti halipo. Sanamu hazipo. Mtu mmoja Kamina nzima anajua mgongo wa Sifule ukoje, na huyo anapanda camion kwenda kuchonga mipini, kwa sababu ya jogoo aliyekufa kwa ugonjwa wa kuku.

Nikaenda kwa Mama Rachelle. Sikwenda kugombana. Nilimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo, nikakaa, nikamsaidia, kama desturi. Nikamwambia Zacharie anaondoka. Nikamwambia, mama, wewe una watoto, unajua mkono ukikosa kazi nyumba inakuwaje, sema tu kwamba hukuona vizuri, jua lilikuwa kali, hakuna atakayekucheka.

“Unataka niseme nilidanganya?”

“Hapana, mama. Sema ulishituka. Kila muntu anashitukaka.”

“Na ile filimbi mu moto? Nayo nilishituka? Kanisa nzima ilishituka?” Akanyang'anya majani ya sombe mkononi mwangu. “Minyi, tangu nizaliwe, hakuna siku bantu balinisikiliza. Bwana yangu hapana, batoto hapana. Leo Papa Zébédée ananiita ‘mama mwenye macho’. Na weye unataka niende niseme nilikuwa kipofu?”

Angalau huyo alisema kweli yake. Nikaondoka.

Kanisani kwetu, kabla ya mahubiri, kuna saa ya ushuhuda. Mwenye jambo ananyosha mkono, anakwenda mbele, anapewa mikro, kipaza sauti. Jumapili ile Mama Rachelle alishuhudia tena, na katika ushuhuda wake Sifule alikuwa amekuwa mrefu kama mlango. Watu wakasema amina. Zacharie alikuwa ameketi nyuma kabisa, mwisho wa kiti kirefu alichokitengeneza mwenyewe, peke yake. Kiti kizima kilikuwa kitupu mpaka kwenye njia. Alikuja kusali kabla ya safari. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemsalimu.

Nikanyosha mkono. Papa Zébédée akatabasamu, maana alifikiri nimeiva. Akanipa mikro mwenyewe.

“Bwana asifiwe,” nikasema.

“Milele!”

“Naomba kila muntu ashike kiti yake, pale anapokaa. Pembeni, pale mukono inalala.”

Wakashika. Watu wa kanisa ukiwaambia washike wanashika.

“Iko laini?”

“Iko!”

“Inachoma mukono?”

Wengine walisema hapana, wengine wakaanza kuona ninakokwenda, wakatoa mikono.

“Hii mukono mwenye alisugua hii mbao, njo mukono mwenye alichonga zile sanamu. Haiko mbili. Njo huyu Zacharie, anakaa pale nyuma, jina lake ni Zacharie Mwepu, na mu hii kanisa nzima sijasikia muntu analitaja hili jina, hata siku mimbari iliingia. Tulimushukuru Mungu, tukamushukuru mwenye alitoa mbao, tukamushukuru mwenye alileta mbao na camion. Mwenye alichonga tulimuambia ahamishe maranda yake. Na siku mulitaka kujua nani alichonga, ilikuwa juu ya kuchoma.”

Papa Zébédée akanyosha mkono kutaka mikro. Nikaipeleka mkono wa pili.

“Baba yangu iko hapa. Aliona Sifule, aligeuza mugongo yake, alijua ni mugongo ya cheminot. Baba, sikudanganyi. Bacheminot bengi beko hapa. Ile sanamu ilikuwa yenu, na haikuomba hata kuku moja.”

Pale kwa wanaume nilisikia mtu akicheka kidogo, kisha akakohoa. Baba hakuinua kichwa. Mama Rachelle alikuwa amesimama nusu, mke wa mchungaji akamvuta nguo, akakaa.

“Kesho camion inaenda Kabondo-Dianda na yeye iko juu. Ikienda, hamutapata mwingine. Vile nilipoteza, nilipoteza, siombi munirudishie. Naomba kintu moja tu.” Nikamgeukia Papa Zébédée, nikapiga goti kama inavyopasa mbele ya mtu mkubwa, lakini mikro sikuiachia. “Papa, nakulomba na heshima. Muite Zacharie hapa mbele. Mushike mukono, na useme na kinywa yako, mbele ya bantu bote, kwamba haiko muntu ya bankishi, na kwamba hangar yake iko wazi. Sema sasa hivi, papa, yeye iko hapa, anakusikia.”

Mpiga kinanda alikuwa ameweka vidole tayari kwa wimbo, akamtazama mchungaji, hakubonyeza. Kule nyuma Zacharie aliweka mikono yake yote miwili juu ya kiti kilicho mbele yake, kama mtu anayetaka kuinuka. Papa Zébédée alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta shingo polepole, upande mmoja, halafu upande wa pili.

Mimi goti langu lilikuwa chini. Nikaendelea kumtazama mdomo.